Wimbo Niliomwimbia Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikufa akiamini kwamba mara ya kwanza alipokuja kwangu nilimkaribisha kwa wimbo. Kumwimbia nilimwimbia, hilo ni kweli. Lakini wimbo ule haukuwa wa kumkaribisha. Ulikuwa wa kumfukuza, na nilimwacha aondoke duniani bila kumwambia.

Mimi niliishia darasa la nne kwa masista, kwa hiyo sitajaribu kuandika kwa maneno makubwa. Nitaeleza yalivyotokea, na pale nisipojua nitasema sijui.

Tulikaa Bwiza, Bujumbura, katika ua wenye nyumba nne zilizotazamana, bomba moja la maji katikati. Ilikuwa miaka ile bendera mpya ya uhuru bado inatushangaza, na wazee wengine wakisahau na kuuita mji Usumbura. Mimi nilizaliwa hapo hapo mjini. Baba yangu alitoka ng'ambo, upande wa Uvira, akaja kutengeneza barabara na hakurudi tena. Mume wangu alitoka milimani, upande wa Ijenda, kwenye baridi, njegere na ng'ombe. Alikuwa karani wa ghala bandarini. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kirundi nilikijua cha sokoni tu, cha kununua na kukataa bei.

Nyumba iliyotazamana na yangu ilikuwa ya mama mmoja mshonaji, Mkongomani, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa na pikapu ya kuchezea sahani za muziki, na kila watu wa kwao walipovuka mpaka walimletea sahani mpya. Alasiri aliiweka dirishani, akashona huku sisi wengine tukifua, tukichambua maharage, tukisuka nywele. Nyimbo zote tulizijua kwa moyo.

Nyimbo za wakati ule zilikuwa na watu wake. Kulikuwa na mwanamke wa mjini, anayemaliza mshahara wa mwanamume kabla mwezi haujafika nusu. Kulikuwa na mtu wa milimani, asiyejua kufunga tai. Na kulikuwa na mama wa bwana. Huyo alikuwa yule yule katika kila wimbo: anakuja na kapu, anachungulia kila pembe, anaomba nguo ya mwanawe ya kurogea, na akiondoka ndoa imeharibika au mtoto anaumwa. Katika maisha yangu sikuwahi kukutana na mwanamke wa namna hiyo. Mama yangu mzazi alikuwa mama mkwe wa watu wawili, na wote wawili walimpenda. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na gitaa lilikuwa tamu. Niliyameza maneno pamoja na gitaa.

Tena ua wetu ulikuwa na desturi yake. Wanawake hatukutukanana. Ukiwa na neno na mwenzako ulichagua wimbo ambao neno lako limo, ukauimba ukiwa umemwelekea, huku mikono yako inafanya kazi kama kawaida. Mwenzako hakuweza kulalamika, kwani nani analalamika kwa sababu mtu anaimba akiosha sufuria? Alitafuta wimbo wake wa kujibu. Siku nyingine majibizano yalichukua wiki nzima, mpaka mmoja akishindwa anacheka na kuleta chumvi au makaa, na mambo yanaisha. Nilikulia katika desturi hiyo, nikadhani dunia nzima inaijua.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mume wangu alituma habari kwao. Siku ya nne, lori la viazi lilimshusha mama yake barabarani, naye akauliza njia mpaka akafika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, miguu pekupeku yenye nyufa za baridi, nguo imefungwa begani. Kichwani alikuwa na kapu lenye mfuniko.

Yaya aliacha cherehani akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Amekuja na kapu?"

"Eeh."

"Mi nilikuambia. Umeona ndani?"

"Bado."

"Angalia muzuri, mama mutoto. Mutu wa milimani apana kutembea safari yote hiyo na kapu ya bure."

Ndani ya kapu mlikuwa na njegere, kibuyu cha siagi, na kifurushi cha majani makavu. Majani yalikuwa ya kumwogeshea mtoto. Aliyaonyesha kwa mikono yote miwili, akaeleza mengi. Nilielewa nusu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe kutoka kwenye nyimbo.

Kuanzia hapo kila alichofanya nilikuwa nimeshakisikia katika pikapu. Jioni ya kwanza aliinama akachungulia chini ya kitanda changu, akainuka bila kusema kitu. Nikajiambia, ndiye huyo. Asubuhi alimwomba mwanawe shati lake kuukuu. Ndiye huyo. Akachemsha majani, maji yakawa meusi. Nikangoja aende chooni, nikayamwaga nyuma ya ukuta. Kisha niliogopa atajua, nikaweka maji ya moto katika karai, nikayatia rangi kwa majani ya chai. Alimwogesha mtoto, akamnusa shingoni, akafurahi. Mwanangu alioga chai kwa wiki tatu, na bibi yake akiwaambia majirani kwa ishara: tazameni ngozi inavyong'aa.

Wimbo ulikuwa siku ya tatu tangu afike. Ilikuwa alasiri, mume wangu yuko kazini. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka kivulini, mtoto amelala juu ya miguu yake. Mimi nilikuwa nachambua maharage upande wa pili. Yaya aliweka sahani, akashika sufuria na jivu, akanitazama. Nilijua ni sahani gani kabla haijaanza. Sitaki kusema alinituma. Alinitazama tu. Niliyefungua mdomo ni mimi.

"Mama ya bwana, fungua kapu,
tuone umefungia nini.
Mutoto ulishamuzaa,
sasa unataka kumumeza?"

Niliimba nimemwelekea, kwa sauti ya kumfikia. Katika maneno yote yale aliloshika lilikuwa moja, mama. Aliinua kichwa akaniona namtazama. Nilichokingoja ni kwamba atanuna, au atageuza uso, ili nijue kapigwa. Badala yake alimkabidhi mtoto kwa jirani aliyekuwa karibu, akasimama, akakaza fundo la nguo begani. Akanyoosha mikono juu, pande mbili, kama pembe za ng'ombe, akaanza kucheza.

Baadaye nilielezwa. Kwao, watu wakimwimbia mgeni wamemwelekea, mgeni husimama. Kubaki umekaa ni dharau. Yeye alitoka milimani akakaa siku tatu katika ua wa watu wanaosema lugha asiyoijua, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mke wa mwanawe alimgeukia na kumwimbia. Kwa hiyo alisimama akatoa heshima yake. Alicheza taratibu, akikanyaga ardhi kwa uzito, shingo imenyooka, macho amenikazia mimi.

Yaya alisimama na sufuria mkononi, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini penye maji. Wenzetu nao wakacheka. Mama mkwe aliona watu wanacheka, naye akacheka. Wimbo ulipoisha aliweka mkono kifuani akasema kwa Kirundi, "Mwanangu, rudia."

Nilirudia. Hapo ndipo ninapojihukumu zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa msichana mjinga anayefuata pikapu. Mara ya pili nilikuwa nimeuona uso wake.

Mume wangu aliporudi, mama yake alimkimbilia hadi langoni na kumwambia, mkeo ameniimbia, nami nimecheza mbele ya watu. Mume wangu alifurahi.

"Wimbo gani?" aliuliza.

Yaya alijibu kutoka dirishani kwake. "Ule wa kapu, baba mutoto! Mama yako anajua kucheza kuliko sisi wote!"

Nilimwangalia mume wangu. Aliziba mdomo kwa mkono kama mtu anayekohoa, na nikaona mabega yanatikisika. Aliingia ndani haraka. Basi nikatulia, nikaona si jambo kubwa, kama mwana mwenyewe anacheka.

Mama mkwe alikaa mwezi mmoja. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshika mistari yote minne. Maneno hakuyajua, lakini sikio lake lilikuwa zuri. Aliyaimba kwa lafudhi ya kwao, polepole, akayaondolea haraka ya gitaa, na ukiusikia wimbo kutoka kwake ungedhani uliimbwa tangu zamani kwa ajili ya kubembeleza watoto. Ndivyo alivyoutumia. Mtoto akilia alimweka begani, akampapasa mgongo, akamwimbia: sasa unataka kumumeza. Na mtoto alinyamaza.

Yale mengine niliyajua pole pole, miaka iliyofuata, kutoka kwa wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye aliolewa mlima ule ule na kumtunza mama yao. Shati lilikuwa la kumlazia mtoto, maana baba anatoka alfajiri na kurudi mtoto amelala, na bibi alitaka mtoto aizoee harufu yake. Chini ya kitanda alichungulia kwa sababu watu wa kwao walimwambia kwamba mjini nyumba ni ndogo na mgeni hulazwa chini ya kitanda cha wenyewe. Alikuja na hofu hiyo njia nzima. Alipofika aliinama, akaona hakuna mkeka wala kitu, ila viatu vya mwanawe, na hofu ikamtoka pale pale. Wifi alinisimulia hilo akicheka. Mimi nilifikiri sana juu yake. Yeye pia alikuwa amejazwa maneno kuhusu watu asiowajua. Lakini aliinama akatazama. Mimi kapu lilifunguliwa mbele yangu, nikaona njegere na siagi kwa macho yangu, na bado niliendelea kuamini wimbo.

Siagi ile tuliila miezi miwili.

Tulipanda milimani mara moja kwa mwaka, wakati mwingine mara mbili. Kila nilipofika, kabla hata sijatua mtoto mgongoni, mama mkwe alikuwa ameshaanza kuimba. Alitoka uani akiimba, mikono juu, na wanawake wa mlima nyuma yake wakiitikia. Aliwafundisha. Aliwaambia ni wimbo wa mjini, alipewa na mkamwana wake. Katika shamba la njegere waliuimba, wakienda kuteka maji waliuimba. Kwenye arusi moja niliyohudhuria uliimbwa bibi arusi akiingia. Hakuna aliyejua maana yake. Kiswahili hakikuwa kimefika kule, isipokuwa kwa wanaume wachache walioshuka mjini kufanya kazi, na wanaume hawasikilizi wanawake wanaimba nini.

Niliogopa siku zote kwamba atatokea mtu aelewe. Hakutokea, au alitokea akanyamaza. Sijui.

Mara mbili nilikaribia kumwambia. Mara ya kwanza ni mtoto wetu wa pili alipozaliwa. Mama mkwe alikuja tena na kapu, na safari hii majani sikuyamwaga. Tulikuwa wawili tu jikoni. Nilimwambia kwa Kirundi changu kibovu, "Mama, ule wimbo." Akaniangalia, uso umefunguka wote. "Unataka tuimbe?" Nikasema ndiyo. Tukaimba, yeye na mimi, tukimenya viazi.

Mara ya pili ni alipoanza kuumwa. Alikuwa amelala mchana, amefunikwa blanketi tulilomletea kutoka mjini, nami nilikaa karibu na miguu yake. Wifi alikuwa nje anasafisha sorgamu, yaani mtama. Nilijiandaa njia yote ndani ya lori, nilikuwa na maneno tayari. Aliniuliza kuhusu watoto, kuhusu kazi ya mwanawe, kuhusu yaya. "Yule mwenye kucheka," alisema. "Mwambie namkumbuka. Mlinifurahisha sana." Baada ya hapo sikuweza. Nilijiambia namhurumia, kwamba kumwambia ni kumwondolea kitu kizuri. Inawezekana. Lakini nikisema kweli, niliogopa aniangalie kwa macho mengine.

Alikufa wiki tatu baadaye. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa darasa la pili.

Wakati wa mazishi hakuna aliyeimba wimbo ule. Waliimba nyimbo za kanisani. Nilipumua. Kumbe walikuwa wanauweka akiba. Kule, baada ya muda, kama mwaka hivi, ukoo hukusanyika kwa siku ya kuganduka, yaani kutoka matangani kabisa. Sorgamu inapikwa pombe, watu wanakunywa pamoja, aliyefiwa anaruhusiwa kurudi katika mambo yake yote. Tulipanda sote, mume wangu, mimi na watoto. Yaya alinishonea nguo. Aliponipimia aliniuliza, "Kule wangali wanauimba?" Nikasema sijui. Aliweka pini midomoni akaendelea kupima. Naye hakuwa anacheka tena habari hiyo.

Ilikuwa mchana, uani kwake, karibu na kaburi lake, jua zuri la baridi. Wanaume walikaa upande mmoja karibu na mtungi, wanawake upande wa pili. Baada ya hotuba, mwanamke mmoja mtu mzima, rafiki wa mama mkwe tangu usichana, alisimama. Alisema, marehemu alikuwa na wimbo wake, na mwenye wimbo yuko hapa. Akaninyooshea mkono. Wakaanza, wanawake labda thelathini, sauti mbili, wamenielekea mimi.

Kwa desturi ya kwao nilipaswa kusimama nicheze. Nilisimama. Nilinyoosha mikono. Kilichonipata mwilini siwezi kukieleza vizuri. Nilikuwa naimbiwa maneno yangu mwenyewe mbele ya kaburi la mtu niliyemwimbia, na walioimba walinipenda. Machozi yalinitoka, wakafikiri ni ya msiba.

Walipomaliza, yule rafiki yake aliniambia, "Mkamwana, sisi tunajua kipande hiki kimoja tu. Wimbo hauwezi kuwa mfupi hivi. Tupe kilichobaki. Na utuambie unasema nini, tumeimba miaka yote kama kasuku."

Watu wakacheka, kisha wakaningoja. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amekaa na mrija wa pombe mkononi, ameinamisha kichwa.

Nilisema uongo. Nilisema wimbo unasema: mama ametoka mbali, mama ameleta kapu, tufungue tuone mema aliyotuletea. Kisha nikawatungia kipande cha pili, pale pale, kwa sauti ile ile ya pikapu. Nikaweka siagi, nikaweka njegere, nikaweka mtoto aliyeogeshwa majani ya milimani. Walikishika mara moja. Wakaimba vyote viwili mfululizo, kipande cha uchawi na kipande cha siagi, na wifi yangu akanikumbatia mbele ya watu wote.

Tuliporudi, watoto walilala juu ya magunia ndani ya lori. Tulianza kushuka, ziwa likaonekana chini, ndipo mume wangu akanigeukia.

"Ulitunga vizuri," alisema.

"Usinisifu."

"Sikusifu. Mi nilicheka siku ile. Mama alikuwa na furaha, mi nikaingia ndani nikacheka. Ningeweza kukukataza siku ile ile. Ningemwambia mama, mama, acha huo, nitakupa mwingine. Neno moja tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Sahani ilichezwa kila mahali. Bandarini tuliuimba tukihesabu magunia. Kila mwenye mama alicheka." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikufikiri ni mama yangu."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo.

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Sisi tuliuimba bila kufikiri ni nani, maana mtu wa kwenye wimbo si mtu, hana miguu yenye nyufa, hana hofu ya kulazwa chini ya kitanda. Ila akija mtu wa kweli mlangoni, tayari ana mahali pake pa kukaa, tumempangia. Siku hizi ninapenda muziki kama zamani, siwezi kudanganya, gitaa likianza mguu unacheza wenyewe. Lakini wimbo ukinitajia mtu, namna ya watu fulani, ninajiuliza: huyu nimemwona wapi mimi? Mara nyingi sijamwona popote. Binti yangu alipokuwa mkubwa aliwahi kuleta nyumbani wimbo mmoja kuhusu wanaume wa kabila fulani, eti hawaogi, wote darasani wanauimba. Nilimwuliza, taja mmoja. Akakosa. Nikamwambia basi imba, lakini usimwangalie mtu ukiimba. Sijui kama alinielewa. Habari ya bibi yake sikumwambia siku hiyo, niliona haya.

Miezi miwili baada ya kuganduka nilipanda milimani peke yangu. Nilimwambia mume wangu ninakokwenda na kwa nini, akanitafutia nafasi mbele, karibu na dereva. Nilimkuta wifi katika shamba la viazi, anapalilia. Nilichukua jembe lililokuwa pembeni nikaanza mstari wa karibu na wake, na kabla woga haujanishika nikasema yote. Pikapu, sufuria, yaya, maji ya chai. Wimbo nikautafsiri neno kwa neno kwa Kirundi.

Wifi aliacha kulima.

"Kumeza?"

"Ndiyo."

"Yeye ammeze kaka?"

"Ndivyo wimbo unavyosema."

"Na mama akacheza."

"Alicheza."

Alitazama upande wa nyumba, pale mama alipokuwa akitokea na mikono juu. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Kwa nini hukumwambia akiwa hai?" aliuliza. "Mama alikuwa mtu wa kucheka. Angecheka mpaka ashike tumbo, angekuita mchawi wewe mwenyewe, angekufanya uuimbe kila siku ili akucheke. Yangeisha hivyo. Sasa nani acheke? Mimi siwezi kucheka kwa niaba yake."

Niling'oa magugu yaliyokuwa miguuni pangu.

"Na wale wenzake mama? Nao niwaambie?" wifi aliuliza.

"Ukitaka."

"Mimi?" Alishika tena jembe. "Hapana, wifi. Hili si langu. Ulitufundisha mwenyewe, utatufundua mwenyewe."

Nilikaa mpaka Jumapili. Baada ya misa, wanawake wale walikaa kwenye majani nje ya kanisa kama kawaida yao, nikaenda nikasimama mbele yao nikasema. Nilisema kwa kifupi kuliko nilivyomwambia wifi, maana Kirundi kilinikimbia. Yule rafiki wa mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kile kipande ulichotupa siku ile? Cha siagi?"

"Nilikitunga pale pale."

"Alileta siagi kweli?"

"Alileta."

"Majani?"

"Mara ya kwanza niliyamwaga."

Alitikisa kichwa polepole, akainuka kwa kusaidiwa na fimbo, akaenda zake. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kila mmoja akinipa mkono wa kuaga kama inavyotakiwa. Hakuna aliyenitolea neno baya.

Tangu siku hiyo wananisalimu vizuri, wananipa kiti, wananiwekea chakula kabla ya wengine. Lakini mbele yangu hawaimbi wimbo wowote. Mtoto wa wifi alipoolewa nilienda, nikabeba zawadi, nikakaa na wanawake wenzangu. Ulipofika wakati wa kumwimbia bibi arusi, niliona wanatazamana, wanakohoa, wanarekebisha nguo, na hakuna anayeanza. Wifi aliniinamia sikioni akaniomba nimsaidie kitu jikoni. Niliinuka nikaenda. Nilikuwa sijafika mlangoni nikasikia wameanza kuimba. Nilikaa jikoni mpaka walipomaliza, nikamenya viazi vilivyokuwapo.